Ukame na Mafuriko, Kila Kimoja na Homa Yake

Waheshimiwa viongozi wa kaunti, wazee wetu, wahudumu wa afya ya jamii mliofunga safari kutoka Lamu, Tana River na Garissa, ndugu zangu wafugaji, walimu na vijana: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya mabadiliko ya tabianchi na magonjwa ya kuambukiza. Mada ni pana na muda ni mchache, kwa hiyo nitashika zaidi magonjwa mawili ambayo wengi wenu mmeyapitia: chikungunya na Homa ya Bonde la Ufa, yote mawili ya virusi vinavyobebwa na mbu. La kwanza lilitukamata wakati wa ukame. La pili hutukamata baada ya mafuriko. Nataka tuyatazame pamoja, kwa sababu bado nasikia watu wakisema, hata maofisini, kwamba mvua isiponyesha mbu hana pa kuzaa.

Twende Lamu, mwaka 2004. Mvua za masika mwaka ule zilikuwa haba, na joto lilipanda kuliko kawaida ya miezi ile. Mtu wa Lamu anajua afanye nini maji yakiadimika: anaweka akiba. Akajaza pipa, akajaza mitungi na madumu, akabakiza kidogo ndani ya birika la kuhifadhia maji. Na kwa kuwa maji yalikuwa ya shida, hakuna aliyeyamwaga ili asugue chombo. Yalichotwa kata kwa kata, na yaliyosalia yakakaa.

Yuko mbu anayeyapenda maji hayo kuliko ya mtaroni. Ni yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana, ambaye wataalamu humwita Aedes aegypti. Huyu hana haja na dimbwi la mvua. Hubandika mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, ndani ya nyumba ya mtu. Chombo kikiongezwa maji, mayai yanaanguliwa. Joto likizidi, viluwiluwi hukua haraka, mbu mzima huuma mara nyingi zaidi, na virusi alivyovinyonya kwa mgonjwa huhitaji siku chache zaidi kufika kwenye mate yake. Kwa hiyo ukame ulileta mambo mawili kwa pamoja, maji yaliyosimama ndani ya nyumba na joto la kuyaharakisha yaliyomo.

Katikati ya mwaka homa ikalipuka. Watafiti walipopima damu za wakazi wa mji baadaye mwaka uleule, walikuta kwamba takriban robo tatu walikuwa wameambukizwa. Robo tatu ya mji! Chikungunya huua kwa nadra, na ndiyo maana haikupewa uzito iliostahili. Lakini fikirieni mji ambao riziki yake ni mikono: mvuvi asiyeweza kuvuta jarife, seremala ambaye vidole havishiki randa, mama anayeshindwa kukuna nazi. Maumivu ya viungo katika ugonjwa huu hayaishi na homa. Kwa baadhi ya watu hukaa miezi, na wengine mwaka na zaidi.

Kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa. Mapema mwaka 2005 ukawa Komoro, na kule Ngazija zaidi ya nusu ya watu waliambukizwa. Kutoka hapo ukaenda Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa kisiwa waliugua katika mwaka 2005 na 2006. Na ni katika safari hiyo ya visiwani ambapo virusi vilibadilika kidogo, badiliko la sehemu moja tu ya ganda lake, vikapata kusafirishwa vizuri na mbu mwingine, Aedes albopictus, ambaye anastahimili baridi kuliko wetu. Mwaka 2006 India ikaandika wagonjwa waliokisiwa kuzidi milioni moja. Mwaka 2007 ugonjwa ukatua kijijini kaskazini mwa Italia na kuambukiza watu zaidi ya 200 ambao wengi wao hawakuwahi kusafiri popote. Naisema njia hiyo yote kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba haya ni matatizo ya maskini wa mbali. Mlipuko uliokwenda kuwasumbua Wataliano ulikuwa umepita kwanza kwenye mapipa ya Lamu.

Wala virusi hivyo havikuwa vigeni kwetu. Vilitambuliwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, juu ya uwanda wa Makonde. Uwanda ule hauna mito juu yake. Watu waliteremka mabondeni kuteka maji, wakayapandisha na kuyaweka nyumbani, na madaktari waliochunguza mlipuko ule waliwakuta mbu ndani ya vyombo vya maji. Kati ya Newala na Lamu ilipita miaka 50, na sababu ikawa ileile: watu wasio na maji ya uhakika, wanaolazimika kulala nayo chumbani.

Hapo niseme jambo ambalo watu wa fani yangu wakati mwingine hulikwepa. Tabianchi peke yake haikuiangusha Lamu. Mji wenye mfereji unaotoa maji kila siku hauna sababu ya kujaza mapipa. Ukame ulikuja, ukakuta mji hauna maji, na mbu akafaidika. Mkinisikia nikilaumu joto, msinielewe kwamba namwondolea mtu yeyote jukumu la kuleta maji.

Sasa joto lenyewe. Mbu hana joto lake la ndani kama mtu au ng'ombe. Mwili wake hufuata hewa iliyomzunguka. Chukueni malaria. Kimelea cha malaria kali lazima kikomae ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Hewa ikiwa na nyuzi 25, kinahitaji siku kama 12. Ikiwa nyuzi 20, kinahitaji karibu wiki nne, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Chini ya nyuzi 16 hivi kinasimama kabisa. Ndiyo maana nyuzi moja au mbili, ambazo sisi huku Mombasa hatuzisikii hata ngozini, kwa watu wa Kericho, Nandi au milima ya Usambara ni tofauti kati ya mbu asiye na madhara na mbu anayeua. Watu wa milimani hawakukua na malaria, hawana kinga ya kuizoea, na ikipanda huko huwakuta wakubwa kwa watoto. Haki ni kuongeza kwamba wanasayansi walibishana sana juu ya Kericho, kwa sababu katika miaka ya 1990 dawa ya klorokwini nayo ilikuwa imeshindwa, na wagonjwa waliongezeka kwa sababu hiyo pia. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Sioni haja ya kuchagua moja.

Tuje kwenye Homa ya Bonde la Ufa, na hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo pana jambo nililokuja kusema.

Ugonjwa huu ulielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1931, kutokana na kondoo waliokufa shambani karibu na Ziwa Naivasha. Ni ugonjwa wa mifugo kwanza. Ukiingia katika kundi la kondoo, karibu kila jike mwenye mimba hutupa mimba, na wana-kondoo wachanga hufa kwa siku chache. Mtu huupata kwa kushika damu au mimba iliyotupwa, kwa kuchinja na kuchuna mnyama mgonjwa, na pia kwa kuumwa na mbu. Wengi hupata homa na kupona. Wachache hutokwa damu, ini linaharibika, na hao wengi wao hufa. Wengine hubaki na macho yasiyoona vizuri maisha yao yote. Hakuna chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa kwa matumizi ya watu wote. Ya mifugo ipo, na hutengenezwa hapahapa Kenya.

Unakaa wapi ugonjwa huu miaka ambayo hauonekani? Katika nyanda kavu kuna mabonde mapana yasiyo na kina, yanayojaa maji mvua ikizidi. Aina fulani za mbu hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde hayo, na mama aliyeambukizwa huweza kupitisha virusi ndani ya yai. Yai hilo hulala ardhini mwaka baada ya mwaka kama mbegu inayongoja mvua. Mvua ndogo haitoshi kulifikia. Ikija mvua ya kufurika, maji yakasimama wiki kadhaa, mayai huanguliwa kwa maelfu, na baadhi ya mbu hutoka tayari na virusi. Huuma mifugo. Halafu mbu wa aina nyingine huzaliwa katika maji yaleyale, hunyonya damu ya mifugo iliyoambukizwa, na kuusambaza mbali.

Kwa hiyo kila mlipuko mkubwa wa ugonjwa huu upande wetu umefuata mvua isiyo ya kawaida. Na mvua hiyo nayo ina asili inayoonekana. Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, na Pasifiki ikiwa katika El Niño, yaani maji yake yakiwa na joto kupita kawaida, vuli yetu hugeuka gharika. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 1997. Garissa, na kusini mwa Somalia, maji yalifunika malisho, na kabla ya mwaka kwisha watu walianza kufa wakitokwa na damu. Vifo vilivyoripotiwa vilikuwa zaidi ya 400, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 89,000 waliambukizwa. Nchi za Ghuba zilifunga milango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na familia ambazo zilikuwa hazijafiwa na mtu zikafilisika. Mwaka 2000 ugonjwa ulivuka bahari hadi Jizan, Saudi Arabia, na Yemen. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya bara la Afrika na visiwa vyake, na virusi vyenyewe vilikuwa ndugu wa karibu wa vile vya Garissa.

Baada ya hapo sayansi ilifanya kazi yake vizuri. Watafiti, akiwamo Assaf Anyamba, waliunganisha vipimo vya joto la bahari na picha za setilaiti zinazoonyesha ukijani wa nyika, wakaweza kutabiri wapi na lini ugonjwa unaweza kulipuka. Mwaka 2006 mbinu hiyo ilijaribiwa kwa kweli. Kuanzia Septemba bahari ilionyesha dalili. Kufikia Novemba onyo lilikuwa limetolewa, na ramani ikiwa na mkoa wa Kaskazini Mashariki. Mtu wa kwanza kujulikana kuugua, huko Garissa, alianza kuumwa mwisho wa Novemba. Maabara ilithibitisha tarehe 21 Desemba. Chanjo ya mifugo kwa upana wake ilianza Januari 2007.

Nawaomba mzitazame tarehe hizo kwa makini. Onyo lilitangulia ugonjwa. Chanjo ikaufuata. Katikati hapo ilipita Iddi ya kuchinja, mwisho wa Desemba, wakati ambao hakuna nyumba ya Mwislamu mwenye uwezo isiyogusa damu ya mnyama. Kenya ilipoteza watu zaidi ya 150. Januari ugonjwa ukaingia Tanzania kupitia upande wa Ngorongoro, ukashuka hadi Dodoma na Morogoro, na huko nako ukaua zaidi ya watu 100.

Na walikuwapo wengine walioujua mapema kuliko maabara. Watafiti walipowarudia wafugaji wa Kisomali baadaye kuwauliza mambo yalivyokwenda, waliwasikia wakieleza dalili za ugonjwa huu kwa usahihi: mimba kutupwa, damu puani, mbu wengi kupita kiasi. Kwa hesabu za wafugaji hao, kutoka mvua kubwa kuanza hadi mbu kujaa ilipita kama wiki tatu, na kutoka mbu kujaa hadi mnyama wa kwanza kuugua zikapita wiki mbili na kidogo. Yaani mfugaji alikuwa na zaidi ya mwezi mzima wa dalili mbele ya macho yake, na hakukuwa na mtu wa kumpigia simu ambaye angekuja.

Mimi ni daktari wa mifugo, na hili ndilo linaloniuma. Tunajua kwamba chanjo haifai kusubiri mlipuko. Mnyama anahitaji muda wa kujenga kinga. Chanjo ya zamani tuliyoitumia miaka mingi huweza kumfanya jike mwenye mimba atupe mimba, kwa hiyo inataka kupangwa kwa kuangalia majira ya kuzaa. Tena ukichanja kundi ambalo tayari lina wagonjwa, na sindano ikatoka kwa huyu ikaingia kwa yule, unaweza kuueneza ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Halafu kuna barabara. Tana ikifurika, Garissa hukatika, magari hukwama, na boksi la barafu lenye chanjo linayeyuka njiani. Mliokuwa Garissa na Tana River mwishoni mwa 2023 sina haja ya kuwaeleza. Chanjo isiyofika kabla ya mvua, kwa sehemu kubwa haifiki kabisa.

Na 2023 yenyewe inatufundisha tunakokwenda. Kuanzia mwishoni mwa 2020 nyanda hizi zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Kundi la wanasayansi linaloitwa World Weather Attribution lilikokotoa kwamba ongezeko la joto duniani liliufanya ukame ule uwe na uwezekano mkubwa zaidi kwa takriban mara 100. Mifugo ilikufa kwa mamilioni katika Pembe ya Afrika. Kisha, mwaka uleule ambao watu walikuwa wakihesabu mizoga, vuli ikaja na gharika, na wanasayansi haohao wakakuta kwamba tabianchi iliyobadilika iliongeza ukali wa mvua zile pia. Kaya moja, mwaka mmoja, ukame na mafuriko. Kwa chikungunya na Homa ya Bonde la Ufa, hiyo ni milango miwili kufunguliwa kwa zamu. Bado sijataja kipindupindu, ambacho wakati wa El Niño ya 1997 kiliwapata watu zaidi ya 40,000 Tanzania pekee, wala dengi iliyorudi tena na tena Dar es Salaam na Mombasa.

Lipo pia jambo jipya ambalo wahudumu wa afya lazima walijue. Mbu wa malaria wa Asia, Anopheles stephensi, ameshaingia upande wetu. Alionekana Djibouti mwaka 2012, nchi ambayo mwaka huo ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria. Kufikia 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Kenya nako alipatikana mwaka 2022, huko Marsabit. Huyu anazaa katika matangi ya maji mjini, wakati wa kiangazi. Kwa hiyo maneno ya kwamba malaria ni ya mashambani na ya msimu wa mvua, msiyafundishe tena.

Nije kwenye ninachoomba. Kila mwaka, kabla ya kila msimu wa mvua, wataalamu wa hali ya hewa wa nchi zetu hukutana chini ya kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichoko Nairobi na kutoa utabiri wa pamoja. Wa vuli hutoka karibu na mwisho wa Agosti. Mvua huanza Oktoba. Hizo ni wiki tano au sita, na ndizo tulizonazo. Ndani yake chanjo inaweza kusafirishwa barabara zikiwa kavu, wachinjaji wakapewa glavu na kuelezwa, redio za Kisomali, Kipokomo na Kiswahili zikatangaza, na wazee wa misikiti wakaelezwa mapema iwapo Iddi inaangukia majira hayo. Kinachokosekana ni fedha zilizoruhusiwa kutumika wakati huo. Kwa taratibu za sasa, kifungu cha dharura hufunguliwa dharura ikishatokea, yaani mtu akishakufa na maabara ikishajibu. Waheshimiwa, mwaka wetu wa fedha huanza Julai. Naomba bajeti ijayo iwe na kifungu cha chanjo na usafiri kinachofunguka utabiri ukitoka, bila kungoja mgonjwa. Mwaka ambao mvua haitazidi, chanjo zile hazitakuwa zimepotea. Kondoo aliyechanjwa anabaki na kinga yake.

Kwa wahudumu wa Lamu, Kilifi na hapa Mombasa: kazi yenu ni kiangazi. Mvua ya masika ikikosa, msingoje wagonjwa. Piteni nyumba kwa nyumba, vyombo vifunikwe kwa kitambaa kizito au mfuniko usio na upenyo, na kila wiki chombo kikibaki na maji kidogo kisuguliwe ukutani kabla ya kujazwa tena. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, mayai yameshikamana na ukuta. Msiwaambie watu wamwage maji ya kunywa wakati hawana mengine. Hawatawasikiliza, na wana haki.

Kwa wafugaji wetu: mvua kubwa ikipita wiki tatu, mbu wakajaa, na majike kadhaa wakatupa mimba kwa siku zinazofuatana, usiwashike wale vijusi kwa mikono mitupu, usimchinje mnyama anayeumwa ili kuokoa nyama, chemsha maziwa, na piga simu siku hiyohiyo. Maafisa wa mifugo wa kaunti zenu wamekaa safu ya pili hapa mbele. Namba zao nimeziandika ubaoni. Tafadhali zichukueni kabla hamjatoka, na wao wachukue zenu.